Kijani cha Jiwe na Kijani cha Jani

Rangi ya kijani imetwaa jina lake kwa jani, na kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kwamba mwenye jina ana rangi. Mwanafunzi apewaye kisanduku cha rangi za maji na kuambiwa achore msitu wa Kakamega hulowesha burashi, akaichovya katika kidonge cha kijani, akapaka kwa kidonge hicho miti yote, ya karibu na ya mbali, iliyo juani na iliyo kivulini. Kazi yake ikikauka huwa safi, lakini si msitu. Ni ukuta uliopakwa rangi. Katika insha hii nataka tuzipime pamoja, wewe msomaji na mimi, zile rangi za kijani ambazo wanadamu walizipata kwa asili, yaani zilizochimbwa ardhini na zilizokamuliwa katika mimea. Tutazilinganisha moja na nyingine, kisha zote tutazilinganisha na kijani kile ambacho mkazi wa Kakamega hukiona kila afunguapo dirisha.

Yamkini utauliza, jambo hili lina uzito gani? Lina uzito. Msitu wa Kakamega uliwekwa kuwa hifadhi ya serikali mwaka 1933. Ni kipande cha upande wa mashariki kabisa cha misitu mikuu ya mvua ambayo asili yake ni bonde la Kongo, na leo umezungukwa pande zote na mashamba ya watu wengi. Sehemu zake zimekatwa, sehemu zimepandwa miti migeni, na sehemu zimebaki kama zilivyokuwa. Mtu achoraye msitu wa namna hii anaandika ushahidi, apende asipende. Ushahidi wa rangi ni sawa na ushahidi wa maneno: waweza kuwa wa kweli, na waweza kuwa wa mtu aliyesema alichosikia bila ya kuona.

Basi tuanze kwa kuona. Panda kilima cha Lirhanda asubuhi, upande wa Isecheno. Msitu uko chini ya miguu yako, na majani unayatazama kwa juu. Ngozi ya jani ina mng'aro kama wa kitu kilichopakwa nta, na mng'aro huo huirudisha nuru ya mbingu machoni pako. Kwa hiyo ukionacho hapo si kijani kitupu, bali ni kijani kilichovikwa mbingu, chenye kuelekea buluu na kijivu. Tupa macho mbali upande wa mashariki, kwenye miinuko ya Nandi, na kijani chenyewe kinakaribia kutoweka. Pamebaki buluu hafifu na ukungu. Sasa shuka, ingia ndani ya msitu, uinue uso. Jani lile lile unalitazama kwa chini, na nuru ya jua imelipenya kabla ya kukufikia. Katika kupita, jani limeimeza sehemu kubwa ya nuru nyekundu na ya buluu, likakuachia kijani chenye manjano mengi, chenye kung'aa kama kioo cha dirisha la kanisa.

Jani moja, basi, lina rangi mbili kwa uchache: rangi ya nuru inayorudi na rangi ya nuru inayopita. Mchoraji asiyeitambua tofauti hii hatasaidiwa na sanduku lolote, hata likiwa na vidonge arobaini. Na mimi nadai kwamba rangi za kijani za asili nazo zimegawanyika vivyo hivyo. Ziko zenye mwili, ambazo huirudisha nuru; na ziko zenye utomvu, ambazo huiacha ipite mpaka kwenye weupe wa karatasi ndipo irudi. Za kwanza ni za jiwe na udongo. Za pili ni za mimea.

Kabla ya kwenda mbele ni vema ujue rangi ya maji ni kitu gani. Ni unga wa rangi uliosagwa na kufungwa kwa gundi ya mgunga, tena mgunga wa aina moja hasa, Acacia senegal, ambao hutoka kwa wingi Sudani na huota pia katika nchi kavu za kaskazini ya Kenya. Wengine hutia asali kidogo ili kidonge kisikauke kikapasuka. Maji huiyeyusha gundi, burashi hueneza unga, maji hukauka, gundi hushika. Sanaa hii haina siri nyingine. Yaliyobaki yote ni tabia ya unga.

Tuchukue jiwe kwanza. Malakaiti ni jiwe la shaba, kijani chenye milia, na hakuna mahali panaposifika kwa jiwe hili kupita Katanga, katika nchi ya Kongo, kusini kabisa ambako shaba huchimbwa. Watu wa kwetu huliona likiuzwa limechongwa shanga na vinyago vidogo. Likisagwa huwa rangi, tena rangi yenye tabia ya ajabu: ukilisaga kwa uchache, chembe zikabaki kubwa, kijani huwa kikolevu, ukilisaga sana, hufifia mpaka kikakaribia weupe. Kwa hiyo msagaji hana budi kujua wapi pa kukoma, jambo ambalo wasagaji wa kila namna hulipata kwa shida.

Nguvu ya jiwe hili ni kudumu. Mwaka 1113 kijana wa Kichina aliyeitwa Wang Ximeng, ambaye inasemekana alikuwa na umri wa miaka 18 tu, alichora juu ya hariri milima na mito katika picha yenye urefu wa karibu mita 12. Vilima vyake alivipaka malakaiti, na vilele vyake jiwe la buluu ambalo nalo ni la shaba. Picha hiyo ingaliko Beijing, na vilima vyake vingali kijani baada ya miaka mia tisa. Katika rangi za mimea sijui iwezayo kujisifu hivyo.

Lakini itazame picha ya namna hiyo kwa jicho la mtu wa Kakamega. Vilima vyake ni vya fahari, vya baridi, kama vilivyovaa vito. Navyo vinatazamwa kwa mbali, kutoka juu. Hapo malakaiti iko kwao. Mwili wake mzito hurudisha nuru kama ngozi ya jani irudishavyo mbingu. Itumie kwa vichwa vya miti vitazamwavyo kutoka Lirhanda, au kwa ukoga juu ya majabali makubwa ya nchi ile, nayo itakutumikia. Ukiitumia ndani ya msitu, kwa jani lililopenywa na jua, utakuwa umeziba dirisha kwa tofali.

Jiwe lina ndugu maskini, nao ni udongo wa kijani. Umechimbwa tangu zamani katika mlima wa Baldo karibu na Verona, nchi ya Italia, na katika kisiwa cha Kupro. Rangi yake inatokana na chuma, si shaba. Wachoraji wengi huudharau, kwa kuwa ni mnyonge: ukiuchanganya na rangi nyingine yoyote humezwa, na ukiupaka peke yake huacha kivuli tu cha kijani chenye kijivu, kama maji yaliyosuuziwa sufuria ya mboga. Wachoraji wa Italia wa karne ya 13 na ya 14 waliutandaza chini ya nyuso za watakatifu, kisha juu yake wakapaka rangi ya ngozi, ili uso upate kivuli kilicho hai. Miaka ikapita, rangi ya juu ikafifia na kuchakaa, na leo baadhi ya nyuso zilizochorwa na Duccio wa Siena zinatazama watu kwa kijani. Mnyonge aliwazika wenye nguvu.

Mimi nausifu udongo huu kuliko wengi wanavyousifu. Kwa msitu wa karibu haufai kitu, na asikudanganye mtu. Walakini kuna saa moja ya Kakamega ambayo hakuna rangi nyingine iiwezayo. Ni baada ya mvua ya alasiri, wakati mvuke unapopanda kutoka mitini, na miti ya mbali inasimama safu baada ya safu, kila safu hafifu kuliko iliyo mbele yake. Tandaza udongo wa kijani kwa maji mengi, uache ukauke, utandaze tena mahali pa safu ya pili, uache, utandaze tena. Kwa kuwa ni mnyonge hautakupita mbio. Rangi yenye nguvu ingekwisha kazi kwa mpako mmoja, na ukungu ungekuwa umekimbia.

Tena iko habari moja ya udongo huu inayopasa kukumbukwa na mtu akaaye juu ya ardhi nyekundu. Ukiuchoma motoni hugeuka, ukawa rangi ya hudhurungi yenye wekundu. Chuma kilichokuwa kijani kimepata moto, kikawa kama kutu. Udongo mwekundu wa Kakamega nao ni mwekundu kwa kutu ya chuma. Kwa hiyo kijani cha Verona na njia ya miguu ya Khayega ni watu wa ukoo mmoja. Tutaurudia undugu huu.

Sasa tuingie katika mimea. Wazungu wa kale walikuwa na rangi waliyoiita kijani cha utomvu. Waliipata katika matunda ya kijiti cha jamii ya Rhamnus: waliyakamua yalipoiva, wakatia shabu, ile ile ya dukani, wakachemsha mpaka ikawa nzito kama asali, wakaihifadhi katika vibofu vya wanyama. Ndugu yake mmoja, Rhamnus prinoides, huota katika nyanda za juu za Kenya, ingawa matumizi yake hapa ni ya dawa zaidi kuliko ya rangi. Kijani cha utomvu kilikuwa cha kupendeza mno. Kilikuwa chepesi, chenye manjano, chenye kupenyeka. Kikipakwa juu ya karatasi nyeupe, nuru ilipita ndani yake na kurudi, sawasawa na nuru ipitavyo katika jani. Kama nilivyosema, ndicho kijani cha mtu aliyesimama chini ya mti akainua uso. Kwa mfano wa msitu, hakuna rangi ya asili iliyokaribia zaidi.

Aibu yake ni kwamba haikai. Iweke juani, nayo hufifia. Hii ndiyo taabu kubwa ya somo letu, nami sioni namna ya kuipunguza kwa maneno: rangi ifananayo zaidi na jani ni ile ambayo, kama jani, hufa.

Usiniamini kwa kusoma; jaribu. Twaa majani mabichi ya kunde au ya nyasi za napia, uyatwange, uyakamue katika kitambaa, upake maji yake juu ya vipande viwili vya karatasi. Kimoja kitie ndani ya kitabu kizito. Cha pili kibandike dirishani. Mwanzo vyote viwili vitakufurahisha, maana ni kijani cha kweli, kijani kilichokuwa jani dakika chache zilizopita. Baada ya siku kadhaa kile cha dirishani kitakuwa kama rangi ya chai iliyomwagika. Umbijani, ambao katika vitabu vya sayansi vya Kenya huitwa klorofili, una chembe ya madini ya magnesi katikati yake. Nuru na hewa huuvunja, na asidi huing'oa magnesi ile, ikaacha rangi ya zeituni iliyochakaa.

Jambo hili mama zako wanalijua bila ya kitabu. Katika nchi ya Waluhya, mrenda na kunde hupikwa kwa munyu, ile chumvi ya majivu ya maganda ya maharagwe au magunzi ya mahindi iliyochujwa kwa maji, na siku hizi mara nyingi kwa magadi. Munyu hulainisha mboga, lakini pia huitunza rangi yake. Asidi iliyo katika mboga yenyewe ndiyo igeuzayo kijani kuwa hudhurungi sufuriani. Majivu huituliza asidi hiyo, na mboga ikaletwa mezani ikiwa kijani kuliko ilivyokuwa shambani. Mchoraji akitia tone la maji ya majivu katika utomvu wake wa majani atakiongezea uhai wa siku chache. Lakini jua litashinda. Chakula huliwa siku ile ile; picha haina ruhusa hiyo.

Katika karne ya 18 na ya 19 wanakemia walijaribu kuikwepa taabu hii kwa kutengeneza kijani kipya. Scheele alitoa chake mwaka 1775, na mwaka 1814 kingine kikaanza kutengenezwa huko Schweinfurt, Ujerumani. Vilikuwa vizuri kwa macho, na vyote viwili vilikuwa na sumu ya arseniki. Sitakawia hapo. Viridiani, iliyopewa hataza Ufaransa mwaka 1859, ilikuwa salama na ya kudumu, na ingali ikitumika. Lakini ni baridi kama chupa, wala hakuna jani la Kakamega lifananalo nayo ikiwa peke yake.

Hapa sina budi kukuonya juu ya majina. Leo ukinunua rangi iliyoandikwa kijani cha utomvu, ndani yake hamna tunda wala kijiti; ni mchanganyiko wa rangi za kiwandani uliopewa jina la marehemu. Tazama herufi ndogo ubavuni mwa kopo. Herufi PG zikifuatwa na 23 ni udongo wa kijani wa kweli. PG 18 ni viridiani. PG 7 ni kijani kikali cha kiwanda kilichoanza kuuzwa katika miaka ya 1930, ambacho tone lake moja laweza kulitia doa sahani zima. Ukiona nambari mbili au tatu pamoja, ujue umeuziwa mchanganyiko. Hilo si kosa. Lakini kama ni mchanganyiko, kwa nini usiuchanganye mwenyewe?

Mtu mmoja alilifanya swali hilo kuwa kazi yake. William Hooker, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1779 na kufa 1832, alichora matunda kwa ajili ya chama cha kilimo cha bustani cha London, na kwa majani yake alichanganya buluu ya Prusia na manjano ya utomvu wa miti ya Garcinia, miti ya Kambodia na nchi jirani. Buluu ile ilikuwa imegunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18. Kijani kilichotokea kikaitwa kwa jina la Hooker mpaka leo. Ni kijani chema, chenye kupenyeka, na kina kina. Ila tena mmea ulikuwa ndani yake, na mmea ukafanya desturi yake. Manjano ya Garcinia hufifia kwa jua kabla ya buluu. Ndiyo maana katika picha nyingi za kale, na katika mazulia ya ukutani ya Ulaya vilevile, utaona miti ya buluu. Aliyeitengeneza hakuona miti ya buluu. Aliona kijani, akachagua manjano dhaifu, na miaka ikamsingizia.

Kutokana na hayo nimeazimia shauri hili kwa achoraye Kakamega: buluu yako iwe ya Prusia, manjano yako yasiwe ya mmea, yawe ya udongo, na uweke karibu ngeu kidogo, ule udongo mwekundu ambao maseremala wa kale walipigia mstari. Bizari ya manjano inayotiwa katika wali usiiguse, ijapokuwa inang'aa. Jua huila, na tone la sabuni au majivu huigeuza nyekundu. Udongo wa manjano ni mtulivu, hauna mng'aro wa bizari, lakini watu wa mapangoni waliupaka ukutani miaka maelfu iliyopita na ungaliko.

Ngeu unaweza kuitengeneza mwenyewe, maana unaikanyaga. Chota udongo mwekundu, uloweke katika ndoo, ukoroge, ungoje kidogo mchanga uzame, umimine maji yenye rangi katika chombo cha pili. Yaache yatulie usiku kucha. Mwaga maji, anika tope laini lililobaki, lisage juu ya kioo, ulifunge kwa gundi ya mgunga iliyoyeyushwa. Hapo una rangi ambayo jua haliwezi kuitisha.

Ngeu ina kazi gani katika kijani? Hapa ndipo nionapo kosa kuu la picha nyingi za wanafunzi, na si za wanafunzi peke yao. Kijani cha kopo hakina nyekundu ndani yake, ilhali kijani cha nchi yetu kimejaa nyekundu. Ardhi iliyo chini ya kila mmea ni nyekundu na hurusha wekundu wake juu. Mti wa musutsu, Croton macrostachyus, huyageuza majani yake yanayozeeka kuwa rangi ya machungwa kabla ya kuyaangusha, na kwa hiyo mti wa kijani huonekana kama uliowashwa mishumaa michache. Mwiritsa, Prunus africana, una vikonyo vya majani vyenye wekundu. Miti mingi ya misitu ya mvua huchipua majani machanga yenye rangi ya shaba. Mchoraji mwenye kijani kisicho na nyekundu anachora nchi nyingine. Tia ncha ya burashi ya ngeu katika mchanganyiko wa buluu na manjano, nawe utaona kijani kikiacha kupiga kelele, kikakaa chini. Ukizidisha, kitakuwa tope. Ngeu ni kama chumvi, hujui kiasi mpaka umeonja.

Nenda ukalijaribu jambo hili mahali ambapo msitu hupakana na chai. Tangu mwaka 1986 serikali ilipoanzisha ukanda wa chai ya Nyayo kuilinda mipaka ya misitu, pako Kakamega mahali pa namna hiyo, na kwangu mimi hakuna darasa bora la rangi. Chai imekatwa sawa kama meza. Vichipukizi vyake vya juu ni kijani cha manjano, karibu kung'aa, na chini yake majani makuukuu ni meusi. Nyuma yake ukuta wa msitu umesimama, wenye kijani cha kila namna na usio na hata kimoja kinachojitokeza. Mtu akitumia kijani kimoja kwa vyote viwili, mpaka hupotea, na pamoja nao hupotea habari yote: kwamba huku mkono wa binadamu umepita na kule haujapita. Kwa chai, chukua manjano mengi, buluu kidogo, wala usitie ngeu katika mpako wa kwanza. Kwa msitu, anza na buluu na ngeu, ndipo utie manjano. Miwa ya upande wa Mumias, ukiichora, ina kijani cha tatu, cheupe zaidi na chenye kijivu, na pale udongo wa kijani huweza kuingia katika mchanganyiko kwa heshima.

Weusi wa kivuli cha ndani usiutafute katika kidonge cheusi. Buluu ya Prusia na ngeu zikikutana kwa wingi hutoa giza ambalo bado lina uhai, na ukitia manjano kidogo litakuwa giza la msitu. Kidonge cheusi hutoa giza la shimo.

Najua mtu atanitajia picha za mimea za Joy Adamson, mwanamke aliyezaliwa mwaka 1910 katika mji wa Troppau, akafika Kenya mwaka 1937, akachora maua ya nchi hii kwa rangi za maji kwa miaka mingi. Mwaka 1947 alipewa nishani ya dhahabu ya Grenfell na chama cha Royal Horticultural Society cha London, na nyingi za kazi zake zimehifadhiwa na makumbusho ya taifa Nairobi. Je, yeye hakukijua kijani? Alikijua. Lakini angalia sheria ya kazi ile. Picha ya mimea huuweka mmea mbele ya mtaalamu ili autambue: jani lina meno mangapi, mshipa unakwenda wapi, upande wa chini una manyoya au hauna. Kijani chake ni cha jani moja, lililochumwa, lililotazamwa karibu kwa nuru tulivu. Halina mbingu juu yake wala ardhi nyekundu chini yake, halina jirani. Ni ushahidi wa kweli juu ya jambo dogo, na kwa jambo hilo nausujudia. Anayechukua kijani hicho akakipeleka msituni, akidhani kuwa miti elfu ni jani moja mara elfu, amekosea hesabu. Kijani cha msitu hutokana na ujirani.

Na wako wengine watakaosema kwamba kuchanganya si asili. Kwamba rangi ya kweli ni ile iliyotoka ardhini au mtini ikiwa kijani tayari. Hoja hii hujibiwa na ndege. Ndege wengi wa kijani duniani hawana rangi ya kijani katika manyoya yao hata chembe: wana rangi ya manjano, na juu yake unyoya umejengwa kwa namna inayorudisha nuru ya buluu, na viwili hivyo machoni petu huwa kijani. Kasuku wa kijani, kwa hiyo, ni kazi ya Hooker iliyofanywa kabla ya Hooker. Asili yenyewe huchanganya, tena kwa ustadi.

Ila shorobo ni kinyume chao. Shorobo mweusi wa mdomo, Tauraco schuettii, yumo katika msitu wa Kakamega, nawe utamsikia mara nyingi kabla ya kumwona. Kijani cha mwili wake ni rangi halisi iliyomo ndani ya unyoya, na ina shaba, kama malakaiti. Wekundu wa mabawa yake nao una shaba. Wekundu huo ulichunguzwa na mwanakemia Mwingereza Arthur Church, akatoa habari zake mwaka 1869. Na mtu huyo huyo mwaka 1890 alitoa kitabu juu ya kemia ya rangi za wachoraji. Sioni ajabu. Aliyejiuliza kwa nini picha hufifia alikuwa na sababu njema ya kumtazama ndege aliyebeba mawe ya rangi katika manyoya yake, lakini anayaacha yayeyuke katika maji yenye magadi.

Ukitaka kumchora, usimtafutie kopo la rangi yake. Mpake kwanza manjano ya udongo, hafifu, uache yakauke kabisa. Kisha buluu ya Prusia yenye maji mengi juu yake, mara mbili, na mgongoni mara tatu. Mabawa yake mekundu, ambayo huonekana arukapo tu, uyaachie karatasi nyeupe mpaka mwisho. Wekundu ukigusana na kijani kingali kibichi vitaingiliana, nawe utabaki na ndege wa rangi ya matope.